NYASI ZIMESHIKA, LAKINI UWANJA BADO UNA MASHIMO

Bwana mkulima, na wewe mama mwenye nyumba, huenda msimu huu mmepanda nyasi mbele ya nyumba yenu. Mmefanya jambo jema. Mlichimba mapande ya nyasi pamoja na udongo wake kule malishoni, mkayabeba kwa wilbaro, mkayapanga uwanjani moja moja kama fundi apangavyo matofali. Sasa mvua imenyesha wiki nne, nyasi zimekuwa kijani, na majirani wanasimama njiani kutazama.

Lakini ukitoka nje asubuhi baada ya mvua kubwa, waona maji yametuama mahali pawili au patatu, na pamoja napo ni karibu na ukuta wa nyumba. Ukitembea, mguu waingia shimoni hapa, wajikwaa pale. Ukifyeka, fyekeo lakwangua mahali palipoinuka na kuacha kipara cha udongo mtupu.

Usikate tamaa, wala usiing'oe kazi yako. Uwanja mpya karibu wote huwa hivyo, kwa sababu udongo uliochimbuliwa hautulii sawasawa. Unaweza kuusawazisha juu ya nyasi zenyewe, ukiwa na reki, kamba, karai na subira. Subira ndiyo inayowashinda wengi. Mtu hupenda kumaliza kazi kwa siku moja, akamwaga udongo inchi nne juu ya nyasi, akazizika zikafa, na mwezi ujao ana matope mahali palipokuwa na nyasi.

KWA NINI UJISUMBUE

Wengine watasema kwamba uwanja wa nyasi ni mapambo tu, jambo la walowezi wa zamani waliokuwa na mashamba makubwa Trans-Nzoia. Sivyo. Tazama boma la kawaida katika Bungoma, ambapo uwanja hufagiliwa kila asubuhi mpaka ukang'aa. Ni usafi, na nyoka akipita huonekana. Lakini kila siku ufagio hulegeza udongo kidogo, na kila mvua huuchukua. Baada ya miaka kumi mawe ya msingi wa nyumba yako nje, mizizi ya mwembe yaonekana kama mishipa ya mkono wa mzee, na mlango uliokuwa na kidaraja kimoja sasa wahitaji viwili.

Piga hesabu. Paa la mabati lenye futi 30 kwa futi 24 likinyeshewa na mvua ya inchi moja tu humwaga zaidi ya debe 90 za maji. Mvua ya inchi moja si jambo la ajabu kwetu, huweza kunyesha alasiri moja. Kama huna mifereji ya bati wala tangi, debe zote hizo huangukia uwanjani, na kutoka hapo hushuka kwenye mahindi yako, zikichimba mifereji na kubeba mbolea uliyoinunua kwa pesa. Maji hayo hayaishii kwako. Huingia katika vijito, kisha mto Nzoia, na udongo wako huenda mpaka Ziwa Viktoria.

Nyasi hulizuia jambo hilo. Lakini nyasi zilizopandwa juu ya mashimo hulizuia nusu tu. Maji yaliyotuama karibu na ukuta hunyonywa na msingi, na nyumba ya udongo au ya matofali mabichi huanza kuchakaa kutoka chini. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kusawazisha. Uzuri wa macho utakuja wenyewe.

SAWA SI BAPA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Uwanja mzuri haulali bapa kama meza. Uwanja mzuri huteremka kidogo, polepole, ukiyaondoa maji kutoka nyumbani. Kipimo kifaacho ni inchi moja kwa kila futi nne. Basi kutoka ukutani mpaka futi 8 pawe pameshuka inchi 2, na kufika futi 20 pawe pameshuka inchi 5. Mteremko huo jicho halioni, lakini maji huuona.

Upime hivi. Piga kigingi karibu na ukuta na kingine futi 8 mbele. Funga kamba katika kigingi cha kwanza inchi 6 juu ya udongo. Ivute mpaka kigingi cha pili, uisawazishe kwa pimamaji ya fundi. Kama huna pimamaji, mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji ndani yake utafaa, kwa kuwa maji katika ncha zake mbili hulingana daima. Kisha katika kigingi cha pili shusha kamba inchi 2. Sasa pita na rula chini ya kamba. Mahali penye inchi 6 kutoka kamba mpaka udongo pana haki. Mahali penye inchi 8 ni shimo la inchi 2. Mahali penye inchi 4 ni kinundu.

Ukikuta kwamba uwanja wote unateremka kuelekea nyumba, tutakuambia ukweli ijapokuwa hautakufurahisha: kurashia udongo juu hakutakusaidia. Lazima uchimbe mfereji mpana, usio na kina kirefu, upande wa juu wa nyumba, uupande nyasi vilevile, nao uyapitishe maji pembeni. Fanya hivyo kwanza, usawazishe baadaye.

NYASI GANI UNAZO?

Kabla ya kushika jembe, jua umepanda nini. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, na mji wa Bungoma kama mita 1,400 tu. Tofauti hiyo ni kubwa kwa nyasi. Kule juu, na katika skimu zilizo upande wa Trans-Nzoia, nyasi za kikuyu hustawi sana. Asili yake ni nyanda hizi zetu za juu za Afrika Mashariki, na kutoka huku zimepelekwa Afrika Kusini, Australia na nchi nyingine nyingi kuwa malisho na viwanja. Hutambaa upesi, huvumilia kukanyagwa, na hupenya udongo uliowekwa juu yake zikatokeza tena. Ukishuka kuelekea Bungoma penye joto, hulegea. Huko ukoka wa kawaida hufaa zaidi. Ukoka una jani jembamba zaidi, basi uwekee udongo kidogo zaidi kila mara.

Mkulima mwingine atauliza kama anaweza kupanda mbegu badala ya mapande. Kitale ina sifa ya mbegu za nyasi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za malisho, kabla haijajulikana kila mahali kwa mahindi ya haibridi. Boma Rhodes, Elmba Rhodes na Nandi Setaria ni nyasi zilizotoka katika kazi ya utafiti ya Kitale. Lakini hizo ni za ng'ombe na za kukausha. Husimama juu kiunoni. Usizipande mlangoni pako ukitumaini uwanja.

Na jambo moja la hatari. Nyasi za kikuyu hazijui mpaka. Zikifika katika mahindi utazipalilia maisha yako yote, kama vile unavyoipalilia sangari. Kwa hiyo chimba mtaro mwembamba wa kina cha kiganja kuzunguka uwanja upande wa shamba na wa bustani ya mboga, nawe upite na jembe kila mwezi kukata vitambaazi vinavyovuka.

KUSOMA UWANJA BAADA YA MVUA

Usianze kusawazisha kabla nyasi hazijashika mizizi. Jaribu hivi: shika majani ya pande moja uvute polepole kwenda juu. Likiinuka kama mkeka, bado. Likikataa, tayari. Wakati wa mvua huchukua wiki tatu au nne.

Mvua kubwa ikikatika, chukua vijiti utoke nje upesi kabla maji hayajanywewa. Penye dimbwi piga kijiti kwenye ukingo wa maji, pande zote. Maji yakikauka, vijiti vitakuonyesha umbo la shimo bila kubahatisha. Vinundu utavijua siku ya kufyeka, kwa vile vipara. Fyeka mara ya kwanza nyasi zikifika inchi 3, uziache na inchi 2. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, kwa sababu nyasi changa hulisha mizizi yake kwa majani.

Sasa tayarisha udongo wa kurashia. Chukua sehemu mbili za udongo wa juu wa shamba lako mwenyewe, sehemu moja ya mchanga wa mtoni, na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa mpaka haina harufu. Kama udongo wako ni wa mchanga tayari, kama ulivyo sehemu nyingi za Bungoma, acha ule mchanga wa mtoni. Chekecha yote kwa wavu wa waya. Samadi mbichi itaunguza nyasi na kukuletea kishona nguo uwanjani. Udongo wa kichuguu pia usiutumie, maana ukikauka huwa mgumu kama tofali. Ndiyo maana mafundi huupenda, na ndiyo maana nyasi hazitaupenda.

Mwaga udongo huo juu ya vishimo vidogo, unene wa robo inchi, au nusu inchi ukizidi sana. Utandaze kwa mgongo wa reki, kisha upige kwa fagio la matawi mpaka ushuke kati ya majani. Ncha za nyasi lazima zionekane. Ukisimama ukaona udongo mtupu, umezidisha, punguza. Jaza vilevile mianya kati ya mapande, kwa kuwa mianya ndiyo ikaukayo kwanza. Ngoja wiki mbili au tatu mpaka nyasi zimetokeza vizuri, kisha rudia. Shimo la inchi moja na nusu lataka mara tatu au nne. Ni kazi ya miezi miwili, lakini kila mara ni kazi ya asubuhi moja.

Ujue kiasi utakachohitaji ili usichoke njiani. Uwanja wa futi 40 kwa futi 30, ukiurashia wote robo inchi, wataka karibu debe 40. Wengi hawana haja ya kurashia wote. Rashia penye vijiti tu.

Kama nyasi zina rangi ya manjano, baada ya kurashia tupa kilo moja na nusu ya CAN katika uwanja wa ukubwa huo, majani yakiwa makavu na mvua ikiwa karibu. Usizidishe. Mbolea iliyobaki peleka kwenye mahindi, ambayo yatakulipa.

MASHIMO MAKUBWA NA VINUNDU

Shimo la zaidi ya inchi 2 usilijaze kutoka juu. Kata nyasi kwa panga kali au sepetu kwa umbo la herufi H, mstari wa katikati upite katikati ya shimo. Ingiza sepetu chini ya nyasi inchi 2 hivi, uzikunjue pande mbili kama mtu afunguavyo madirisha. Tia udongo chini, ushindilie kwa mguu kidogo kidogo, zidisha nusu inchi kwa sababu utashuka, kisha zirudishe nyasi mahali pake na kujaza mikato kwa udongo uliochekechwa. Mwagilia. Kwa kinundu fanya vilevile, isipokuwa badala ya kutia udongo utauondoa. Kamwe usikate kinundu kutoka juu kwa jembe; utakuwa umeondoa nyasi na kuacha kinundu.

Lakini kwanza jiulize kwa nini mahali hapo pameshuka. Kama palikuwa na kichuguu ulichokivunja, ndani mna vyumba na njia za mchwa, na patazidi kudidimia msimu mmoja au miwili. Chimba mpaka ufikie udongo mgumu, ujaze kwa tabaka za inchi 6, ukishindilia kila tabaka. (Tunajua kwamba si kila mtu atakubali kuvunja kichuguu. Kichuguu kinachotoa kumbikumbi kila mwaka ni mali. Basi kiache, na uwanja ukizunguke.) Kama palikuwa na choo cha zamani au shimo la takataka, usipande nyasi na kusahau. Pazungushie uzio watoto wasicheze juu yake mpaka pamejazwa barabara, kwa maana ardhi ya namna hiyo huweza kuporomoka ghafula.

Ukiona vilima vya udongo mpya vinatokea mstari mmoja, huyo ni fuko. Katika nyanda za juu yupo tele. Kusawazisha juu ya njia zake ni kazi bure. Mtege kwanza, kisha fukua njia na kuishindilia.

Na rola? Watu wengi hupenda kubingirisha pipa zito juu ya nyasi wakidhani vinundu vitalala. Pipa la lita 200 lililojaa maji lina uzito wa kilo 200 na zaidi. Likipita juu ya udongo uliolowa hulibana hata hewa na maji hayapiti, na vinundu vibaki vilevile. Ukipenda kutumia pipa, litie maji robo tu, na upite siku ambayo udongo una unyevu lakini haushiki kiatu. Ubao mpana na miguu ya watoto wawili hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mahali palipokwisha kubanwa, toboa kwa uma wa shamba kina cha inchi 4, kila baada ya kiganja kimoja, kisha rashia mchanga.

WAKATI WA KAZI HII

Tusidanganyane: mwezi wa Aprili si wakati wa nyasi. Majaribio ya mahindi yaliyofanywa Kitale katika miaka ya 1960 yalionyesha wazi kwamba kuchelewa kupanda hupunguza mavuno, hata mbegu ikiwa bora na mbolea ikiwapo. Panda mahindi yako mvua zinapoanza. Yapalilie mara ya kwanza. Ndipo, mwishoni mwa Mei au Juni, ukapange mapande ya nyasi. Upande wa Kitale mvua huendelea kwa kawaida mpaka Oktoba, kwa hiyo una nafasi ya kushikisha mizizi Juni na kusawazisha Julai mpaka Septemba. Ikifika Novemba acha kurashia. Udongo mkavu juu ya nyasi kavu hauzisaidii. Kutoka Desemba mpaka Februari ziache nyasi ndefu kidogo, inchi 3, ili zifunike udongo wake zenyewe.

Mapande uyatoe malishoni kwako kwa mistari, ukiacha mstari mmoja wa nyasi kati ya miwili, napo patafunga tena. Usiyachimbe kando ya barabara wala ukingoni mwa mto. Utakuwa umetengeneza uwanja wako kwa kubomoa mahali pengine.

Mifugo isiingie miezi mitatu ya kwanza. Kwato za ndama katika nyasi changa huacha mashimo kuliko yote uliyojaza. Kuku nao hupenda mno ile mianya yenye udongo uliochekechwa. Weka matawi ya miiba juu yake siku chache. Njia ipitayo watu kila siku, kutoka mlangoni mpaka jikoni na mpaka kisimani, usiing'ang'anize nyasi. Weka mawe bapa au matofali yaliyochomwa, uyazamishe yalingane na udongo. Chini ya ukingo wa paa vilevile, kama huna mifereji ya bati, tandika kokoto upana wa futi 2, maana matone ya mabati huchimba nyasi hata ufanye nini.

Kama u mkulima wa Tongaren, Naitiri au Ndalu, ambako skimu zilifunguliwa katika miaka ya 1960, wajua vizuri jambo jingine la kuhesabu. Kwa Wabukusu mwaka wa tohara ni ule ugawanyikao kwa mbili, na sherehe huwa mwezi wa Agosti, mvua ingali inanyesha. Ukiwa na kijana wa kutahiriwa, uwanja wako utachezewa na mamia ya miguu usiku kucha. Nyasi zilizopandwa Juni mwaka huo huo hazitaona Septemba. Zipande mwaka ulio mbele ya huo, zipate miezi kumi na minne, nazo zitavumilia. Nyasi za kikuyu zilizokomaa zina mizizi chini na vitambaazi juu, na zikikanyagwa mpaka kuwa nyeusi hurudi.

Wageni wakiisha ondoka, ondoa majivu na vigingi vya mahema, toboa uwanja wote kwa uma, rashia robo inchi ya udongo uliochekechwa, na uzungushie kamba wiki tatu. Watoto wacheze mpira upande wa pili wa nyumba mpaka nyasi zimetokeza.